Jina Ambalo Watu Huliandika: Historia Fupi ya Maneno Msingi katika Mtandao, Ikitazamwa kutoka Kigali

Katika likizo ndefu ya mwaka 2023 nilimsaidia mjomba wangu kutengeneza ukurasa wa tovuti. Mjomba ana ofisi ndogo Nyamirambo, hapa Kigali, yenye magari mawili ya kupeleka wageni matembezini. Huwapeleka mbuga ya Akagera, huwapeleka Kinigi wanakoanzia safari ya kupanda milima ya volkano, na wengi huomba pia kupelekwa kwenye maeneo ya kumbukumbu, yaani Gisozi, iliyo ndani ya jiji, na Nyamata, kama kilomita 30 kusini mwa jiji. Wageni wake kutoka Tanzania na Kenya walikuwa wameanza kuongezeka, akataka ukurasa wa Kiswahili. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma Kiswahili katika ukoo, kazi ikaniangukia.

Kabla sijaandika sentensi ya kwanza, kijana aliyekuwa fundi wa tovuti alituma orodha ya maneno. Alieleza kwamba hayo ndiyo maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta, kwa hiyo lazima yaingie kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye aya ya kwanza, na yarudiwe mpaka chini. Mengi hayakuwa na tatizo: Kigali, safari, hoteli, gari la kukodi. Lakini matatu yalihusu mwaka 1994, na yote matatu yalikuwa namna mbalimbali za kusema "mauaji ya kimbari ya Rwanda". Watutsi hawakutajwa hata mara moja.

Mjomba alisoma orodha ile polepole, akaivua miwani yake. "Hili silo jina lake, mwanangu. Andika jina lake kamili." Nilipompigia fundi simu, naye alijibu kwa adabu, "Mwambie mzee kwamba hilo jina kamili watu hawaliandiki. Mkiliweka peke yake, hamtaonekana."

Nilikuwa katikati ya watu wawili ambao kila mmoja alisema kweli. Insha hii imetokana na siku ile. Nataka kueleza jinsi maneno msingi yalivyoanza kutumiwa katika kurasa za tovuti ili zionekane mapema katika matokeo ya utafutaji, jinsi yalivyochezewa, na jinsi mamlaka ya kuyaamua yalivyohama. Hoja yangu ni kwamba hapo mwanzo mwenye ukurasa ndiye aliyejipa jina. Udanganyifu ulipozidi, mamlaka hayo yaliondolewa kwake na kupewa watu wengine, yaani wanaouelekezea ukurasa wake na wanaoutafuta. Mabadiliko hayo yaliponya ugonjwa mmoja na kuacha mwingine, na hapa Rwanda ugonjwa huo wa pili unaonekana waziwazi.

Sisi wanafunzi wa lugha tunayajua maneno msingi kutoka kwenye ikisiri za makala, pale ambapo mwandishi hutaja maneno matano au sita ili msomaji ajue makala inahusu nini. Desturi hiyo ni ya zamani kuliko intaneti. Wakutubi walikuwa wakiandika kadi za mada kwa ajili ya kila kitabu, na Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kukusanya orodha yake ya vichwa vya mada mwishoni mwa karne ya 19. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM, alionyesha kwamba kompyuta inaweza kuchukua vichwa vya makala na kuvipanga kwa kufuata kila neno lenye uzito lililomo. Katika desturi hizi zote jina la mada lilichaguliwa na mtu mwenye wajibu, awe mkutubi au mwandishi, na hakuna aliyepata faida ya fedha kwa kudanganya. Nani angeandika "ndizi" kwenye kadi ya kitabu cha sheria?

Mtandao wa kurasa ulioanzishwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Geneva, ulipofunguliwa kwa umma mwaka 1991, haukuwa na mkutubi. Kulikuwa tayari na chombo kilichoitwa Archie, kilichotengenezwa mwaka 1990 na Alan Emtage, kijana wa Barbados aliyekuwa akisoma Montreal, lakini kilitafuta majina ya mafaili tu. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianzisha orodha iliyokuja kuitwa Yahoo, ambamo binadamu walizipanga tovuti kwa mada kama ilivyo maktabani. Mwaka huohuo ilikuja WebCrawler, injini iliyosoma maneno yote ya ukurasa. Desemba 1995 ikafuata AltaVista, iliyokuwa na kasi na ukubwa ambao watu hawakuwa wameuona.

Injini hizi zilikuwa na haraka lakini hazikuwa na akili. Zilihesabu maneno. Ukurasa uliotaja "kahawa" mara kumi ulidhaniwa kuhusu kahawa kuliko ule uliotaja mara mbili. Ili kuzisaidia, watengenezaji wa kurasa walipewa nafasi ya kuweka lebo ya maneno msingi ndani ya msimbo wa ukurasa, mahali ambapo msomaji haoni ila mashine inasoma. Kanuni za lugha ya HTML zilizotolewa Desemba 1997 zilitaja matumizi hayo waziwazi. Wazo lilikuwa jema, maana nani anaujua ukurasa kuliko aliyeuandika? Mwachie ajieleze.

Tatizo ni kwamba mtandao haukubaki kuwa maktaba. Uligeuka soko, na sokoni kila mwenye meza huita wateja kwa sauti. Wauzaji walirudia neno moja mara mia ndani ya lebo. Wengine waliandika maneno meupe juu ya usuli mweupe, ili mgeni asione kitu na mashine ione utitiri wa maneno. Wengine waliweka majina ya washindani wao. Mwaka 1999 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kesi ya kampuni mbili zilizohusika na biashara ya filamu, ambamo moja ililalamika kwamba nyingine ilikuwa ikitumia jina lake, MovieBuff, katika lebo za siri. Majaji walitoa mfano wa barabara kuu, wakasema ni sawa na mtu kuweka bango linaloelekeza wasafiri kwenye duka la jirani, kumbe ukitoka barabarani mahali hapo unalikuta duka lake mwenyewe. Wapo watakaobaki na kununua hapohapo, ingawa hawakukusudia.

Mfano huo wa bango unaeleweka sana Nyamirambo, mtaa wenye mabango ya kuchorwa kwa mkono kila baada ya hatua chache. Kinyozi anayechora mkasi juu ya mlango wake hujieleza kwa ukweli, kwa sababu anayeingia ataona kiti na kioo mara moja, na akidanganywa atapiga kelele mtaa mzima usikie. Lebo ya siri haikuwa na mtaa wa kuisuta, kwa kuwa hakuna aliyeiona.

Suluhisho lilitoka Stanford tena. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google, wakijenga juu ya wazo walilolifahamu kutoka kwenye taaluma: makala inayonukuliwa na wengi ina uzito. Wakauliza ni kurasa ngapi nyingine zinauelekezea ukurasa huu viungo, na hizo zinazouelekeza zina heshima gani. Maneno yaliyotumika katika viungo hivyo nayo yalihesabiwa. Tangu hapo ukurasa haukujulikana kwa yale unayojisemea tu, bali pia kwa yale ambayo wengine wanausemea. Mwaka huohuo kampuni ya GoTo ilianza kuuza nafasi katika matokeo kwa mnada, neno kwa neno, na Oktoba 2000 Google nayo ilifungua mpango wake wa matangazo. Neno likawa na bei, na tangu hapo kuna daftari linaloonyesha ni maneno gani yanatafutwa sana na kila moja lina thamani gani.

Lebo ya siri ilikufa polepole. AltaVista iliacha kuitumia mwaka 2002. Februari 2006 Google iliiondoa kwa siku kadhaa tovuti ya Kijerumani ya kampuni ya BMW, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizoandaliwa kwa ajili ya mashine peke yake, zilizojaa neno la Kijerumani la "gari lililotumika". Na mnamo Septemba 21, 2009, Google ilitangaza rasmi kwamba haitumii kabisa lebo ya maneno msingi katika kupanga matokeo yake.

Naomba msomaji autazame mwaka huo, 2009. Julai yake ndipo SEACOM, mkongo wa kwanza wa baharini kutoa huduma katika mwambao huu, ulipoanza kufanya kazi Mombasa na Dar es Salaam. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, kwa bei ya juu na kasi ndogo. Rwanda, isiyo na bahari, ilibidi ivute nyaya kupitia kwa majirani na kusambaza mkongo wake wa ndani, na usimamizi wa kikoa chetu cha .rw ulikabidhiwa kwa shirika la hapa nyumbani, RICTA, mwaka 2012. Maana yake ni kwamba wengi wetu tuliingia sokoni miezi ileile ambayo bidhaa moja ilikuwa imetangazwa kuwa haina thamani. Hata hivyo somo la zamani liliendelea kufundishwa. Mimi mwenyewe, katika kozi fupi ya kompyuta niliyosoma baada ya sekondari, nilifundishwa kuijaza lebo ile kwa maneno mengi kadiri inavyowezekana, miaka mingi baada ya kufa kwake. Ushauri wa yule fundi wa "yarudiwe mpaka chini" ulikuwa masalia ya AltaVista.

Lakini sehemu ya pili ya ushauri wake haikuwa masalia. Aliposema kwamba jina kamili "watu hawaliandiki", alikuwa akisema jambo la leo. Baada ya lebo kufa, kazi ya maneno msingi haikufa, iligeuka. Sasa anayeandika ukurasa hufanya utafiti wa maneno ambayo watafutaji huyatumia, kisha huyaweka katika kichwa, katika vichwa vidogo na katika sentensi zinazosomeka. Na tangu mwaka 2008, Google ilipoanza kumpendekezea kila mtafutaji maneno kabla hajamaliza kuandika, desturi ya wengi imekuwa pia kishawishi kwa wachache, kwa kuwa unaanza neno na mashine inakumalizia kwa lile ambalo wengine waliliandika. Jina lililozoeleka hupendekezwa, na kwa kupendekezwa huzidi kuzoeleka.

Hapa ndipo historia ya maneno msingi inapokutana na historia ya nchi yangu. Jina la yaliyotokea Rwanda mwaka 1994 lilikuwa na mgogoro tangu siku za mauaji yenyewe. Mnamo Juni 1994, watu wakiendelea kuuawa, msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani alizungumzia mbele ya waandishi "matendo ya mauaji ya kimbari", akikwepa kusema kwamba tukio zima ni mauaji ya kimbari, kwa sababu neno lenyewe lingeleta madai ya kuchukua hatua. Baadaye, katika orodha ya vichwa vya mada ya Maktaba ya Bunge la Marekani, ile inayofuatwa na maktaba nyingi duniani, kulikuwa na kichwa kilichosema Rwanda, historia, vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1994. Vitabu vingi vya mashahidi na watafiti viliwekwa rafuni chini ya jina hilo. Mtu aliyetaka kusoma kuhusu familia iliyochinjwa kanisani alipaswa kwanza kupita mlango ulioandikwa "vita".

Maneno hayo hayalingani. Vita vina pande mbili zenye silaha. Waliouawa Nyamata walikuwa wamekimbilia kanisa. Na jina "mauaji ya kimbari ya Rwanda", ingawa halisemi uongo kama lile la vita, linataja mahali na kuacha nani aliyewindwa. Pengo hilo ndilo wanaokana ukweli hulitumia, kwa kudai kwamba kila mtu aliua na kila mtu aliuawa, na kwamba yalikuwa mauaji mawili yanayolingana. Kulitaja kundi lililolengwa hakufuti kumbukumbu ya wengine waliouawa, wakiwamo Wahutu waliokataa kushiriki. Kunaeleza tu mpango ulikuwa dhidi ya nani.

Jina kamili lilipatikana kwa kazi ya muda mrefu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mnamo Novemba 1994 na kukaa Arusha, iliamua kupitia kitengo chake cha rufani, Juni 2006, kwamba kuwapo kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo linalojulikana na halihitaji tena kuthibitishwa katika kila kesi. Mwaka 2008 Katiba ya Rwanda ilirekebishwa ili itumie jina hilo. Januari 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua kwamba Aprili 7 iwe siku ya kimataifa ya kutafakari Mauaji ya Kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Jina hilo, basi, lina hukumu ya mahakama, lina Katiba, na lina uamuzi wa Umoja wa Mataifa. Lakini daftari la maneno yanayotafutwa halisomi Katiba. Linahesabu vidole vinavyobonyeza, na vingi kati ya vidole hivyo vilijifunza jina jingine miaka ya 1990, kutoka kwenye habari, ripoti na filamu zilizotengenezwa mbali na hapa, wakati sisi tulikuwa tukizika.

Je, inamaanisha kwamba mwenye tukio hana nguvu mbele ya desturi ya watafutaji? Historia ya karibu inaonyesha sivyo. Neno la Kinyarwanda *kwibuka*, lililo ndugu wa "kukumbuka" kwa maana, halikuwa likijulikana nje ya eneo letu. Leo mtu wa Nairobi, London au New York anayetaka habari za maombolezo ya Aprili anaweza kuliandika na akafika. Halikufika huko kwa kurudiwa mara mia katika lebo ya siri. Lilifika kwa sababu kila mwaka, tangu Aprili 7 na kwa siku mia moja, balozi, shule, makanisa, misikiti na vyama vya wanafunzi wa Rwanda popote walipo hulitumia hadharani neno lilelile, na wanaoandika habari hulazimika kulitumia pia. Vivyo hivyo *Kwita Izina*, sherehe ya kuwapa majina watoto wa sokwe wa milimani, inayofanyika tangu mwaka 2005. Hakuna aliyelitafsiri kwanza ili lieleweke. Watu walilijifunza jinsi lilivyo. Kwa hiyo desturi ya watafutaji ni kitu kinachofundishwa, ila kinafundishwa polepole na kwa watu wengi kusema kitu kimoja.

Nilipoanza kuandika ukurasa wenyewe, niligundua kwamba Kiswahili nacho kina shida zake katika jambo hili, na naona ni wajibu wetu wanafunzi kuzijua. Ya kwanza ni umbo la maneno. Injini za mwanzo zililinganisha herufi tu. Kiingereza huongeza herufi moja mwishoni kuonyesha wingi, lakini kwetu mtalii, watalii, utalii na kitalii hutofautiana mwanzoni, mahali ambapo mashine huanzia kulinganisha. Watunga kamusi walikutana na shida hii zamani. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, aliyakusanya maneno mengi ya unyambuzi chini ya kitenzi chao, hivyo anayemtafuta "mpishi" ampate kwenye "pika". Mwanafunzi asiyejua mzizi hupotea, ila anayeujua hupata ukoo mzima mahali pamoja. Mashine za leo zimeboreka, lakini mwandishi bado anafanya vyema kutumia maumbo mbalimbali ya neno kwa njia ya kawaida katika sentensi zake.

Shida ya pili ni wingi wa majina. Mnyama anayewaleta wageni wengi Kinigi, kwa Kinyarwanda *ingagi*, wengine humwita gorila, wengine sokwe wa milimani, wengine sokwe tu. Lakini Mtanzania anayeandika "sokwe" peke yake ana haki ya kutarajia kupelekwa Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, na hao ni wanyama wengine. Vilevile kuna "mauaji ya kimbari" na "mauaji ya halaiki". Magazeti huyabadilishabadilisha, ingawa "halaiki" ni watu wengi tu, na "kimbari" inabeba maana ya kulenga watu kwa asili yao. Hata "makumbusho" lilinisumbua, kwani kwa msomaji wa Dar es Salaam ni jengo la vitu vya kale, na Gisozi ni mahali wanapopumzika watu zaidi ya 250,000. Nikachagua "eneo la kumbukumbu".

Mwenzangu mmoja, niliyemsomea rasimu ya insha hii, alinipinga. Alisema ukweli usioonekana hauna faida, na kwamba heri mtu aje kwa jina pungufu akute maelezo kamili, kuliko asije kabisa. Ni hoja nzito, na sikubaliani na wanaoidharau. Lakini jibu lake wakutubi walilipata zamani. Katika kadi zao, jina lisilochaguliwa halikutupwa. Liliandikwa, na mbele yake wakaweka neno "tazama", likimwelekeza msomaji kwenye jina lililochaguliwa. Mlango wa pembeni unabaki wazi, ila bango la mbele linabaki na jina la kweli.

Ndivyo tulivyofanya. Kichwa cha ukurasa kina jina kamili: Mauaji ya Kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi. Katika aya ya pili kuna sentensi moja tu inayosema kwamba wengi hutafuta habari hizi kwa jina "mauaji ya kimbari ya Rwanda", na kueleza kwa nini ukurasa huu hautumii jina hilo. Hakuna neno lililofichwa wala lililorudiwa bila sababu. Fundi aliposoma sentensi ile alicheka, akasema, "Sasa mmeyaweka yote mawili," kisha akaongeza kwamba kwa kweli hilo linakubalika, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kufikiria tofauti yake.

Sitadai kwamba ukurasa wa mjomba umekuwa wa kwanza katika matokeo. Haujawa. Kuna kampuni kubwa zenye fedha za kununua maneno, nasi tuna magari mawili. Lakini mwaka uliofuata, siku chache kabla ya Aprili 7, alipiga simu mwalimu wa sekondari kutoka Tanzania, akitaka kuleta wanafunzi wake. Mjomba aliweka sauti ya simu wazi ili nami nisikie. Mwalimu alieleza anachotaka kuwaonyesha wanafunzi, akalitaja tukio kwa jina kamili, neno kwa neno kama lilivyoandikwa kwenye ukurasa. Mjomba hakusema lolote kuhusu hilo. Alifungua daftari lake, akauliza, "Mnakuja wangapi?"